CRP, prokalsitonini au chembe nyeupe: upime kipi, na baada ya masaa mangapi

Kipimo cha haraka cha malaria kimetoka hasi. Mtoto ana joto la nyuzi 39 tangu jana usiku, anakohoa, na mama yake amesimama mbele ya dirisha la maabara akiuliza swali ninalolisikia karibu kila siku ya kazi: "Sasa kama si malaria, ni nini? Apewe dawa za bakteria au tumwache kwanza?"

Fomu ya maabara ina vipimo vitatu vinavyoweza kusaidia. Kuna picha kamili ya damu, ambayo wengi huiagiza ili waone chembe nyeupe. Kuna CRP, protini ya ini inayoweza kupimwa kwa tone la damu ya kidole. Na kwenye hospitali kubwa kuna prokalsitonini, protini nyingine ya damu. Watu huchagua kwa bei au kwa mazoea, na wengine huagiza vyote vitatu wakiamini kwamba vikiwa vingi uhakika unaongezeka. Mimi naona ipo njia bora ya kuchagua, na inaanzia ndani ya seli.

Kwanza tuelewane: kati ya vitatu hivi, hakuna hata kimoja kinachomwona bakteria. Anayetaka kumwona aoteshe damu au mkojo, na majibu yake huchukua siku. Wahenga walisema la mgambo likilia kuna jambo. Vipimo hivi vinasikiliza mbiu inayopigwa mwilini, na tofauti yao kubwa ni mahali kila kimoja kilipotega sikio.

Mbiu inavyopigwa

Bakteria akipenya kwenye pafu au kibofu, miongoni mwa wanaomkuta kwanza ni seli za ulinzi ziitwazo makrofaji. Makrofaji ina vipokezi vinavyojulikana kama vipokezi vya Toll (kwa kifupi TLR), na baadhi yake vinatambua vitu vya bakteria ambavyo mwili wa binadamu hauna. TLR4 hushika lipopolisakaridi, mchanganyiko wa mafuta na sukari uliopo kwenye utando wa nje wa bakteria kama E. coli na Salmonella. TLR5 hushika protini ya mkia ambao baadhi ya bakteria huogelea nao. TLR2 hushika lipoprotini za ukutani. Kazi ya kufumbua namna ulinzi huu wa mwanzo unavyoamshwa ndiyo iliyowapa Bruce Beutler na Jules Hoffmann sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2011.

Kipokezi kikishika, habari inaingia ndani ya seli. Protini iitwayo MyD88 inaipokea, inaipitisha kwa vimeng'enya vinavyopokezana, hadi kwa mhusika mkuu, NF-kB. Siku za amani NF-kB hukaa imefungwa na protini nyingine, IkB. Habari ikifika, IkB inavunjwa, NF-kB inaingia kwenye kiini cha seli na kufungua jeni za mchochota, yaani ule moto wa mwili tunaoujua kwa wekundu, joto, uvimbe na maumivu. Seli inaanza kumwaga saitokini, wajumbe wa kemikali: TNF, interlukini 1 na interlukini 6. Interlukini 1 ina kufuli la pili, kwa kuwa hutengenezwa ikiwa bado haijakomaa, na mpaka kimeng'enya kaspesi 1 kiikate ndipo inafanya kazi. Mwili haupendi kuipiga mbiu hii ovyo.

Na breki zipo tangu mwanzo. Kati ya jeni ambazo NF-kB inazifungua mapema ni ya IkB yenyewe, mfungaji wake. Baadaye interlukini 10 inakuja kutuliza. Ninapomweleza mzazi habari hizi hukazia hapa, kwa sababu mgonjwa wa sepsisi, yaani maambukizi yaliyovuruga mwili mzima, hauawi na bakteria peke yake. Anaumizwa pia na mwitikio wa mwili wake uliopoteza mizani.

Chembe nyeupe: kinasikia mapema, kinachanganya mengi

TNF na interlukini 1 zikienea, neutrofili, aina mojawapo ya chembe nyeupe, zilizokuwa zimejibanza kwenye kuta za mishipa huachia na kuingia kwenye mkondo, na uboho wa mifupa unatoa nyingine. Kwa hiyo hesabu inaweza kupanda ndani ya masaa machache. Tatizo ni kwamba si bakteria peke yake anayezisukuma. Hofu, kilio kirefu, degedege, upasuaji, hata sindano ya deksamethasoni (dawa ya kutuliza mchochota), vyote vinaweza kuzipandisha. Upande wa pili, homa ya matumbo, ambayo ni bakteria kamili, mara nyingi huja na chembe nyeupe za kawaida au zilizoshuka. Nimeona karatasi ikisomwa "chembe ziko sawa, si bakteria" kwa mgonjwa ambaye damu yake ilipooteshwa ilitoa Salmonella.

Lipo jambo jingine linalotuhusu sisi moja kwa moja. Waafrika wengi wamerithi aina ya jeni ya Duffy ambayo huzifanya chembe nyekundu zikose kipokezi kinachotumiwa na vimelea vya malaria aina ya vivax. Jeni hiyohiyo inaendana na hesabu ndogo ya neutrofili kwenye damu, bila ugonjwa wowote. Mashine nyingi zinakuja na viwango vya kawaida vilivyopatikana kwa watu wa Ulaya na Marekani. Mtu mzima mwenye afya anaandikiwa kwamba neutrofili zake ziko chini, na mgonjwa ambaye zake zimepanda mara mbili ya kawaida yake anaonekana yuko sawa tu.

Kwa swali la bakteria au virusi, basi, mimi nakiweka kipimo hiki nyuma ya vingine viwili. Kiagizwe kwa yale kinayoyajua vizuri: upungufu wa damu, chembe sahani zilizoshuka, na sura ya chembe zenyewe chini ya darubini. Mtaalamu akiona neutrofili changa nyingi zimetolewa mapema kutoka kwenye uboho, hiyo ni habari nzito kuliko jumla iliyoandikwa na mashine.

CRP: mbiu iliyofika kwenye ini

Mwaka 1930, William Tillett na Thomas Francis walikuwa New York, kwenye Taasisi ya Rockefeller, wakichunguza damu ya wagonjwa wa nimonia. Waliona kwamba maji ya damu ya mgonjwa aliye katika makali ya ugonjwa huganda yakichanganywa na sukari fulani ya ukuta wa pneumokoka, bakteria wa nimonia, waliyoiita C. Mgonjwa akipona, hali hiyo inapotea. Herufi C iliyomo kwenye jina CRP inatoka hapo.

Leo tunajua njia yake. Interlukini 6 husafiri na damu hadi kwenye ini na kushika kipokezi cha seli za ini. Kimeng'enya JAK kinaamka, kinaiwasha protini STAT3, nayo inaingia kwenye kiini na kufungua jeni ya CRP. Ini linaanza kuimwaga kwa wingi. Mtu mwenye afya kwa kawaida huwa chini ya miligramu 10 kwa lita, na akipata nimonia nzito anaweza kuvuka 300 ndani ya siku mbili.

Lakini safari hiyo inachukua muda. Baada ya mchochota kuanza, CRP huhitaji takriban masaa 6 hadi 12 ndipo ionekane imepanda. Ikiwa njiani kupanda huongezeka maradufu kwa kila masaa 8 hivi, na kilele chake ni kati ya siku ya pili na ya tatu. Nusu ya CRP iliyopo kwenye damu huondoka kwa masaa 19, na kasi hiyo haibadiliki sana mtu awe mgonjwa au mzima. Maana yake ni nzuri kwa msomaji wa majibu: kiwango kinategemea ini linazalisha kiasi gani, na ini linasikiliza interlukini 6. Dawa ikifanya kazi, mbiu inanyamaza, na CRP inapungua kwa mwendo unaoweza kuukadiria.

Udhaifu wake ni kwamba interlukini 6 haipigwi na bakteria pekee. Malaria huipandisha CRP sana, ndiyo maana kipimo cha malaria lazima kitangulie. Mfupa uliovunjika huipandisha, baridi yabisi huipandisha, na baadhi ya virusi, hasa adenovirusi, huipandisha hadi mtu akadhani ni bakteria. CRP ya chini kwa mtu aliyeumwa zaidi ya siku moja inatuliza moyo. CRP ya katikati, tuseme 40, haikupi jibu, na asikuambie mtu kwamba inakupa.

Prokalsitonini: mbiu yenye lahaja

Hiki ndicho ninachokipenda zaidi kwa namna kilivyo, ingawa sicho ninachokipendekeza mara nyingi. Prokalsitonini ni protini ya asidi amino 116 ambayo kwa kawaida hutengenezwa na seli chache za tezi ya shingo, kisha hukatwa na kuwa homoni ya kalsitonini. Mtu mzima mwenye afya karibu haionekani kwenye damu yake: chini ya mikrogramu 0.1 kwa lita. Mwaka 1993 kundi la watafiti wa Ufaransa, Marcel Assicot akiwa mwandishi wa kwanza, walionyesha kwamba watoto wenye maambukizi mazito ya bakteria wana prokalsitonini nyingi mno, huku wenye virusi wakiwa na kidogo.

Kumbe lipopolisakaridi, TNF na interlukini 1 huiamsha jeni hiyo mahali ambapo kwa kawaida imelala: kwenye ini, mapafu, utumbo, hata mafuta ya mwili. Tishu hizo hazina vyombo vya kuikata kama tezi ya shingo inavyofanya, hivyo prokalsitonini inamwagika nzima nzima kwenye damu. Virusi wanapoingia, mwili hutoa zaidi intaferoni, wajumbe wa kupambana na virusi, na intaferoni gama huizuia jeni hiyohiyo. Ndiyo sababu nasema mbiu hii ina lahaja. CRP inakuambia kuna jambo, na prokalsitonini inajaribu kukuambia ni jambo la nani.

Pia inawahi. Huanza kupanda ndani ya masaa 3 hadi 6, hufika kileleni ndani ya siku moja, na nusu yake huondoka kwa takriban masaa 24. Madaktari wa mapafu hutumia 0.25 kama mpaka wa kuanza kufikiria antibiotiki, na 0.5 kwa mgonjwa anayeshukiwa sepsisi.

Hata hivyo nayo ina mapengo yake. Jipu lililojifunga mahali pamoja linaweza lisiipandishe kabisa. Malaria kali huipandisha. Kuungua, upasuaji mkubwa na figo zilizoshindwa pia huipandisha. Mtoto mchanga huzaliwa na kuonyesha prokalsitonini inayopanda yenyewe katika siku mbili za kwanza za maisha, bila maambukizi yoyote, kwa hiyo mpaka wa mtu mzima hautumiki kwake. Na ni ghali kuliko CRP.

Vikikutana uso kwa uso

Dar es Salaam ina mchango mkubwa katika habari hii. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, wa watoto 1,005 wenye homa kutoka Dar es Salaam na Ifakara, uligundua kwamba karibu saba kati ya kila kumi walikuwa na ugonjwa wa virusi, na wenye bakteria walikuwa kama mmoja kati ya watano. Ukiwapa wote antibiotiki, wengi wao unawapa dawa isiyowahusu.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 2017, yalitoka matokeo ya jaribio lililohusisha watoto zaidi ya 3,000 wa Dar es Salaam walio chini ya miaka mitano. Kundi moja lilihudumiwa kwa mwongozo wa kompyuta uliounganishwa na vipimo vya papo hapo, vikiwamo CRP na prokalsitonini, na antibiotiki ikashauriwa vipimo vilipovuka mipaka ya juu, CRP 80 au prokalsitonini 4. Kundi la pili lilifuata mwongozo wa kompyuta bila vipimo hivyo. Waliopewa antibiotiki siku ya kwanza walikuwa asilimia 11.5 kwa kundi la kwanza na 29.7 kwa la pili. Tena watoto wa kundi la kwanza ndio walioshindwa kupona kwa uchache zaidi, asilimia 2.3 dhidi ya 4.1. Mtoto alinyimwa dawa asiyoihitaji na akatoka akiwa salama zaidi. Kila nikikumbuka matokeo haya nafarijika.

Wodini mambo yanabadilika, kwa sababu swali si tena kuanza dawa, ni lini kuiacha. Jaribio la Uingereza la ADAPT-Sepsis, lililotangazwa mwishoni mwa mwaka 2024, liliwafuatilia wagonjwa 2,760 wenye dalili za sepsisi, likilinganisha kupima prokalsitonini kila siku, kupima CRP kila siku, na utaratibu wa kawaida. Waliofuatwa kwa prokalsitonini walitumia antibiotiki siku pungufu, 9.8 badala ya 10.7, na vifo havikuongezeka. CRP haikupunguza siku. Tofauti ya siku moja hivi inaonekana ndogo, lakini kwa hospitali inayolaza maelfu ni dozi nyingi.

Kipimo peke yake pia hakimshawishi daktari. Jaribio la ProACT katika hospitali 14 za Marekani, la mwaka 2018, halikuona punguzo lolote la antibiotiki kwa kutumia prokalsitonini kwa wagonjwa wenye shida ya njia ya hewa.

Kwa hiyo upime kipi

Kama uko zahanati au kituo cha afya, na mgonjwa anakunywa, anaongea, anakaa mwenyewe, malaria ikiwa hasi na homa ikiwa na zaidi ya siku moja, chagua CRP. Ni nafuu, haihitaji mashine kubwa, na ikitoka chini ya 10 au 20 unaweza kumrudisha nyumbani kwa maelekezo ya kurudi hali ikibadilika. Prokalsitonini hapo ni anasa.

Kama uko hospitali yenye wodi ya wagonjwa mahututi, na bajeti inaruhusu kipimo kimoja tu cha ziada, iende kwenye prokalsitonini, ipimwe siku baada ya siku ili kuamua lini dawa ikome. Kuipima mara moja tu, siku ya kwanza, halafu kuisahau ni kutupa fedha.

Kwa mtu anayeishi na VVU swali linaweza kuwa jingine kabisa, kifua kikuu. Hapo CRP inashinda waziwazi. Tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani linaikubali kwa uchunguzi wa awali wa kifua kikuu kwa watu wazima na vijana wenye VVU, kwa mpaka wa chini sana wa miligramu 5 kwa lita, na sehemu ya ushahidi wake ilitoka kliniki za Uganda. Prokalsitonini kwenye kifua kikuu mara nyingi hubaki chini, hivyo ingekupumbaza.

Mgonjwa anayetumia tosilizumabu kwa ajili ya baridi yabisi asipimwe CRP kutafuta maambukizi. Dawa hiyo inafunga kipokezi cha interlukini 6, ini halisikii kitu, na CRP inaweza kubaki chini huku bakteria wakimmaliza. Ini lililoharibika vibaya nalo haliwezi kuitengeneza vya kutosha. Na anayekunywa prednisoloni, chembe nyeupe zake zitapanda kwa dawa tu, usizihesabu kama ushahidi.

Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea hata haamki vizuri, huyo hasubiri kipimo chochote kati ya hivi. Apewe dawa na rufaa kwanza, sampuli zifuate. Nimeona mzazi akiwa kwenye foleni ya maabara na mtoto wa namna hiyo mgongoni, na moyo uliniuma.

Majibu yakitoka, angalia kizio kabla ya namba. Mashine nyingine huandika CRP kwa miligramu kwa lita, nyingine kwa miligramu kwa desilita, na tofauti ni mara kumi. Karatasi ya 6.5 inaweza kuwa ya mtu mwenye afya kabisa au ya mtu mwenye 65. Wakati wa kurudia, rudia maabara ileile.

Na kwenye fomu andika saa ambayo homa ilianza. Chukua mtoto aliyeanza kuchemka saa mbili usiku, akaletwa saa mbili asubuhi: masaa 12 tu. CRP yake ni 12. Ukiisoma bila saa, utasema hana kitu. Ukiisoma na saa, utajua mbiu huenda ndiyo kwanza imefika kwenye ini, na utamwambia mama arudi kesho asubuhi hata kama mtoto anacheza. Kama ni bakteria na mwendo ni ule wa maradufu kila masaa 8, itakuwa 24 saa kumi jioni, 48 saa sita usiku, na 96 akifika dirishani saa mbili asubuhi.